Majengo ya Kale ya Tarime na Serengeti: Namna ya Kuyatembelea kwa Miguu

Ukiwa umezoea Bagamoyo au Kilwa, ambako ukuta wenyewe humwonyesha mgeni pa kusimama, badili macho kabla ya kupanda gari la Tarime au Mugumu, mkoani Mara. Huko hutakuta mtaa wa milango ya nakshi. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye walijenga kwa miti, fito, udongo, samadi na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikikosa moshi wa jikoni na mkono wa kuikandika, mvua za misimu michache huimaliza. Zilizobaki zimesimama kwa mawe na matofali ni, kwa sehemu kubwa, zile zilizojengwa na wageni au kwa amri: ngome ya Mjerumani, misheni, ofisi za Mwingereza, madarasa ya msaragambo. Ukihesabu kuta zilizosimama tu, utarudi nyumbani na historia ya waliopita njia, na wenye nchi watakuwa hawamo.

Kwa hiyo ziara nzuri ya hapa ina kazi mbili zinazokwenda pamoja: kusoma kuta zilizopo, na kusoma ardhi pale ambapo kuta hazipo. Ya pili ni ngumu zaidi na, kwa maoni yangu, ndiyo tamu.

Kabla ya kufunga viatu

Chagua eneo moja kwa siku moja. Kuna matatu yanayofaa: milima ya Tarime upande wa Nyabasi na Nyamwaga, nchi ya Wangoreme huko Iramba, Kisaka, Ring'wani na Maji Moto, na Robanda, kijiji cha Waikoma kilicho mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwenye ramani yanaonekana kama majirani, lakini barabara ya Tarime–Mugumu ina vipande vya lami na vipande vya kufanyiwa kazi, na mvua ikinyesha hesabu ya saa hubadilika. Lala Tarime mjini kwa ziara ya milimani, na Mugumu kwa mbili zilizobaki. Gesti zipo za bei zote.

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora. Nyasi zimelala, na mistari ya mawe ya zamani inaonekana hata kwa mbali. Aprili mistari hiyo hiyo imefunikwa na nyasi za kufika kiunoni na utaipita bila kujua. Upande wa Tarime nchi imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi, kwa hiyo sweta si mzigo. Desemba ya mwaka wa tohara ni habari nyingine: barabara hujaa ngoma na vikundi vya vijana, wazee wako kazini, na hakuna atakayekaa chini kukueleza habari za ghala bovu. Panga siku nyingine. Ukijikuta upo tu, kamera iache mfukoni, na watoto usiwapige picha kabisa.

Anza kwa ofisi ya kijiji. Si adabu tu. Mtu anayezunguka na daftari akichungulia kuta na kupima mashimo, katika wilaya yenye dhahabu na yenye mpaka na Kenya, atadhaniwa ama mtafuta madini, ama mpima ardhi, ama mpelelezi. Fika kwa mtendaji wa kijiji, saini kitabu cha wageni, eleza unachotaka kuona, kisha omba mwenyekiti akupatie watu wawili wa kufuatana nao: kijana wa kukuonyesha njia na mzee wa kukuonyesha vitu. Wote wawili wana haki ya kulipwa, na bei izungumzwe asubuhi mbele ya mtendaji, si jioni kando ya barabara. Mzee mpelekee sukari au majani ya chai kwa ajili ya nyumba yake, na usisahau kwamba shikamoo hutangulia swali lolote. Bibi naye asisahaulike. Mara nyingi mwenyekiti atakuletea wanaume watupu, na nyumba za kukandika zilikandikwa na wanawake. Ukitaka kujua udongo ulichotwa wapi, samadi iliwekwa kiasi gani, na kwa nini sakafu hii haina vumbi, mwulize aliyeipaka.

Beba maji, kofia, daftari lenye jalada gumu, penseli (kalamu ya wino hugoma mvua ikidondoka), kamba yenye vifundo kila mita moja, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Fimbo ya kutikisia nyasi pia, kwa sababu magofu yana nyoka, na palipo na dari iliyoachwa pana nyuki.

Boma la familia, na alama linazoacha

Katika vijiji vya Tarime anza na boma la Wakurya, hata kama nyumba zake leo ni za bati. Mpangilio hubadilika polepole kuliko vifaa. Zizi la ng'ombe lilikaa katikati, nyumba zikalizunguka, kila mke na nyumba yake na ghala lake, na kuzunguka yote hayo ua wa miti. Simama mlangoni, piga hodi, ukikaribishwa usikimbilie kuingia ndani. Omba kwanza uzunguke nje pamoja na mwenye boma. Angalia ghala la nafaka lililoinuliwa juu ya mawe au nguzo ili panya na unyevu visifike kwenye ulezi na mtama. Paa lake la msonge huinuliwa kama kofia wakati wa kutoa chakula. Maghala haya yanapungua haraka. Familia nyingi sasa zinaweka mahindi kwenye magunia ndani ya nyumba, kwa hiyo ukiona zima, pima kimo na kipenyo, chora, na uliza nani alilisuka na kama bado yupo anayejua.

Boma likishahama, ardhi hubaki na kumbukumbu yake. Tazama ua wa minyaa, wengine huita manyara: mmea ule hukaa miaka mingi baada ya watu kuondoka, ukaota mrefu kupita paa, na mara nyingi duara lake bado linasomeka. Ndani ya duara tafuta sehemu ambayo udongo ni mweusi na mahindi yake ni mabichi kuliko ya jirani. Hapo palikuwa zizi. Tafuta mawe yaliyokatika bapa na kulika katikati, ya kusagia nafaka, na mafiga matatu yasiyo na jiko. Tazama pia mkonge uliopangwa mstari mmoja, mti mkubwa wa kivuli ulioachwa peke yake katikati ya shamba, rundo la mawe lisilolimwa na mtu yeyote ingawa liko kwenye ardhi nzuri: mbele ya hilo la mwisho simama mbali na uulize, kwani linaweza kuwa kaburi.

Mawe haya na yale ya kusagia yaache yalipo. Mgeni akiondoka na jiwe moja la kusagia kama ukumbusho, amebeba jiko la mtu.

Kuta za mawe za Wangoreme

Hapa ndipo wengi hushangaa, maana wamezoea kuambiwa kwamba wenyeji wa Mara hawakujenga kwa mawe. Katika nchi ya Wangoreme kuna masalia ya maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, mengine yakiwa vilimani, na simulizi za wazee zinayaunganisha na uvamizi wa Wamasai katika karne ya 19. Zilikuwa nyakati ngumu: vita vya mifugo, njaa, kisha sotoka ya miaka ya 1890 iliyofyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Watu walijikusanya, wakapanda juu, wakajizungushia mawe. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya simulizi za wazee wa eneo hili, ameandika kwa kirefu juu ya maboma hayo katika kitabu chake cha 2007 kuhusu Serengeti kama nchi inayokumbukwa na wenyeji wake.

Ukifika kwenye ukuta wa namna hii usiukanyage. Zunguka nje yake kwanza, mzunguko mzima, ukihesabu hatua. Kisha tafuta mlango. Ukuta ambao umebomoka sehemu nyingine zote huwa bado mnene mlangoni, kwa sababu hapo ndipo mafundi waliweka mawe makubwa. Angalia upana wake: je, ng'ombe wawili wangepita sambamba, au mmoja mmoja tu? Mlango mwembamba ni jibu la swali la ulinzi. Angalia jinsi mawe yalivyofungana: kwenye kazi nzuri jiwe la juu hulalia maungio ya mawili ya chini, na vijiwe vidogo vimepigiliwa katika nafasi. Mwisho, simama ndani na utazame walichokuwa wakitazama wenyewe. Upande unaoonekana mbali ndio waliotarajia adui kutokea.

Ili uwe na kipimo kichwani, ni vyema kuona kwanza, au baadaye, Thimlich Ohinga huko Migori, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Hapo kuta za mawe makavu bado zimesimama zikiwa na kimo cha kuanzia mita 1.5 hadi zaidi ya 4, na UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Za Wangoreme ni za watu wengine na wakati mwingine, na ni za chini zaidi. Ila macho yaliyoona pale Migori jinsi mlango unavyojengwa hayatapotea yakifika Ring'wani.

Kuna sehemu ambazo huwezi kuzifikia kwa miguu hata ukitaka. Hifadhi ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951 na mipaka yake kuimarishwa miaka iliyofuata, makazi ya zamani yaliingia ndani ya mstari. Waisenye wanataja Nyeberekera, makazi yao ya kale, na leo Nyeberekera iko hifadhini. Mwombe mzee akuonyeshe kwa kidole kutoka juu ya kilima. Andika uelekeo na majina ya vilima anavyovitaja kwa mpangilio; orodha hiyo ni ramani.

Ngome ya Ikoma

Robanda ndiyo ziara ambayo wageni huijia wakiwa na hamu kubwa, na sababu ni ngome. Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mawe, juu ya mwinuko unaotawala uwanda, wakati Ikoma ilipokuwa kituo chao cha mbali chini ya utawala wa Mwanza. Kazi yake haikuwa kulinda mji, kwa kuwa mji haukuwepo. Ilikuwa kuonyesha nguvu, kukusanya kodi na kuweka askari kati ya ziwa na nchi ya Wamasai. Juni 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kilichokuwa kimejitenga na jeshi kuu, chini ya Heinrich Naumann, kilifika Ikoma na kupambana hapo na majeshi ya Ubelgiji. Naumann alijisalimisha miezi michache baadaye. Katika miaka ya 1960 ngome ikageuzwa hoteli ya watalii, na kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikawa na baa. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia ya watalii waliokuwa wakishuka kutoka Nairobi ikakatika, na hoteli za upande huu zikapata pigo.

Kwa hiyo ukuta huo mmoja una angalau maisha mawili, na kazi yako ni kuyatenganisha. Jiwe la Mjerumani na tofali la hoteli havifanani, wala chokaa haifanani na saruji. Dirisha pana lenye mandhari halikuwa la mlinzi. Mlinzi alihitaji tundu.

Lakini usipande tu kilimani. Majengo ya aina hii hubadilishwa matumizi mara kwa mara, kwa hiyo uliza ofisi ya kijiji cha Robanda nani anatumia eneo kwa sasa na ruhusa hutolewa na nani. Ukiambiwa mwisho ni hapa, mwisho ni hapo, na ukiona sare au kizuizi, usipige picha. Sheria ya nchi juu ya maeneo yanayolindwa haina mzaha na utetezi wa "nilikuwa napiga picha magofu" haujawahi kumsaidia mtu. Ngome inasomeka vizuri pia kutoka chini. Mwinuko, uelekeo wa kuta, umbali wa maji, vyote unaviona bila kuvuka geti.

Jambo jingine ni wanyama. Robanda ni miongoni mwa vijiji 5 vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, pamoja na Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso. Tembo na nyati hawajasoma mipaka. Nje ya makazi usitembee bila askari wa wanyamapori wa kijiji, hata kama kijana anayekuongoza anacheka na kusema hapa tunapita kila siku. Yeye anajua upepo unavuma kutoka wapi, wewe hujui.

Na kama mazungumzo na wazee wa Kiikoma yatafika kwenye Machaba, yaani pembe za ndovu ambazo Waikoma wanazitunza na kuzihesabu kuwa takatifu, zikihusishwa katika simulizi zao na nabii wa Kitatoga, sikiliza. Usiombe kuonyeshwa. Si kila urithi ni wa kutembelewa, na nimewaona wageni wakiharibu siku nzuri kwa swali hilo moja.

Misheni, ghala na duka

Rudi milimani Tarime. Wamenonite kutoka Marekani walifungua Shirati, leo wilaya ya Rorya, mwaka 1934, na kutoka hapo wakapanda hadi Nyabasi mwaka 1940. Upande wa Katoliki, mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946 na kuchukua kazi iliyoanzishwa na White Fathers. Rosana kwa Wakurya na Iramba kwa Wangoreme ni kati ya parokia zao. Jimbo la Musoma lilipoundwa mwaka 1957, askofu wake wa kwanza, John Rudin, alitoka miongoni mwao. Kwa Wamenonite, mwaka wa kukumbuka ni 1967, Zedekia Kisare alipowekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika. Ukijua miaka hiyo minne au mitano, nusu ya majengo ya misheni utayapanga mwenyewe kichwani.

Misheni ya zamani haikuwa kanisa peke yake. Tafuta viungo vyake: kanisa, nyumba ya wamisionari yenye baraza pana, shule, zahanati, tangi la kuvunia maji ya paa, karakana, mstari wa mikaratusi uliopandwa na mtu aliyekuwa na haraka ya mbao, na makaburi. Omba ruhusa kwa mchungaji au paroko, na usiende Jumapili asubuhi, wala Jumamosi kwa Wasabato, ambao nao wana mizizi mirefu mkoani Mara tangu 1909 kule Majita.

Sasa fungua macho kwa undani, maana hapa kuna mengi ya kusoma. Matofali ya kuchoma ya miaka ya mwanzo yalifyatuliwa hapo hapo, kwa hiyo hayalingani: mengine yameungua hadi meusi, mengine yamebaki ya rangi ya chungwa. Tafuta shimo lililotoa udongo. Kwa kawaida haliko mbali, na leo huenda ni bwawa la bata. Chini ya paa tazama mbao. Msumeno wa mikono miwili huacha michirizi iliyonyooka ya kina tofauti, ule wa mashine huacha michirizi iliyopinda kama tao. Angalia kona: ukiona mstari wa wima unaokwenda kutoka msingi hadi juu bila matofali kufungana, umeona mahali jengo la kwanza lilipoishia na nyongeza ikaanza. Angalia fremu za chuma za madirisha, bawaba za mlango, na kizingiti cha juu, ambapo fundi mara nyingine aliandika mwaka kwa kidole saruji ikiwa mbichi. Paa la rangi ya kijivu lililo zito na lenye mawimbi makubwa linaweza kuwa la asbesto. Liangalie, usiliguse, na vipande vyake vilivyovunjika usivikanyage.

Karibu na misheni, au kwenye njia panda, kuna majengo ambayo hakuna anayeyaita ya kale na ndiyo yanayobomolewa kwanza. Ghala la ushirika ni mojawapo. Nyanda za juu za Tarime hulima kahawa ya arabika, na kahawa hiyo ilihitaji mizani, ghala kavu na mtu wa kuandika stakabadhi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980; leo kahawa ya huku hupitia chama kikuu cha ushirika cha WAMACU. Katika ghala tafuta jukwaa la kupakulia lililo sawa na kimo cha lori, madirisha madogo ya juu ya kupitisha hewa, na namba zilizochorwa kwa mkaa ukutani. Namba hizo zipige picha. Fundi wa rangi akipita mara moja hazitakuwepo.

Mengine ni maduka ya Wahindi, mjini Tarime na katika vituo vya biashara: baraza mbele, milango ya mbao ya mabawa mengi, nyumba ya kuishi nyuma, uani tangi la maji. Majengo mengi ya aina hii nchini yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, na ndiyo sababu mengine hayana mwenyewe anayejulikana hadi leo. Uliza kwa utaratibu. Habari za umiliki wa nyumba huwa na kesi nyuma yake. Ukiwa Tarime mjini pita pia Bomani; jina la kata lenyewe linakuambia ofisi za serikali zilikuwa wapi.

Kijiji chenyewe

Wengi hupita katikati ya kijiji wakiharakisha kwenda kwenye magofu, wakati barabara iliyonyooka wanayopita ni jengo la kihistoria. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na Operesheni Vijiji ya 1974 ikawahamisha watu wa Mara, kama wa mikoa mingine, kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwapanga kwa mistari. Sheria ya Vijiji ikafuata mwaka 1975. Pima umbali kati ya nyumba na nyumba upande mmoja wa barabara. Ukikuta viwanja vinalingana, umekuta mkono wa operesheni. Kisha uliza kila familia ilitoka wapi. Majibu yatakurudisha kwenye yale maduara ya minyaa uliyoyaona asubuhi, na hapo utaelewa kwa nini uliyapitia kwanza.

Shule ya msingi ni kituo kizuri cha saa ya jua kali. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, madarasa yalipanda haraka kwa msaragambo, wazazi wakichota mchanga na kufyatua matofali. Mwalimu mkuu atakuwa na kitabu cha kumbukumbu za shule, na mara nyingi ndicho chenye maandishi ya zamani kuliko yote kijijini. Omba kukiona, usiombe kuondoka nacho.

Kupata mwaka bila karatasi

Mzee hatakwambia nyumba ilijengwa mwaka gani, naye hana sababu ya kukwambia hivyo. Kwa Wakurya muulize saro: ni kundi gani la vijana lilitahiriwa mwaka huo, au kabla yake? Kila saro ina jina, mara nyingi la tukio lililotokea wakati huo, na ukipata majina matano au sita kwa mfuatano una kalenda. Juu yake kuna marika makubwa zaidi ya vizazi, upande mmoja Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina, upande wa pili Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma, ambayo mtu huzaliwa nayo kufuatana na baba yake. Yale yanakueleza nani ni baba wa nani, hayakupi mwaka. Usiyachanganye na saro.

Funga kalenda hiyo kwa misumari unayoijua: vita vya 1914–1918, Uhuru wa 1961, Operesheni ya 1974, Vita vya Kagera vya 1978–79, mvua za El Nino za 1997–98. "Ghala lilikuwepo mliporudi kutoka Kagera?" ni swali linalojibika. Muulize mzee wa pili peke yake, mbali na wa kwanza. Wakitofautiana, andika yote mawili.

Kuhusu sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na masalia ya kabla ya mwaka 1863. Sasa tazama tulipopita. Ngome ni ya karne ya 20. Misheni, ghala na darasa vivyo hivyo. Hata kuta za mawe za Wangoreme, kama wazee wanavyozieleza, nyingi zinaweza kuangukia upande usiofaa wa mwaka huo. Jengo la baadaye hulindwa tu likitangazwa rasmi na waziri. Maana yake kwa mtembezi ni kwamba karibu kila alichokiona siku hiyo kinaweza kubomolewa kihalali wiki ijayo ili mawe yakajenge msingi wa nyumba ya mtu, na yule anayejenga hana kosa. Usimlaumu. Mwambie mtendaji kwamba kijiji kinaweza kupeleka maombi kupitia halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale, na mpe nakala ya vipimo na michoro yako ili awe na cha kupeleka. Picha bila vipimo hazimsaidii.

Nakala ya pili mpe mwalimu mkuu. Kama unatoka Musoma kwenda au kurudi, pita Butiama, ambako Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa 1999, nyumba zake na makaburi ya familia pale Mwitongo vinatembelewa kwa utaratibu unaoeleweka na wahudumu waliozoea maswali. Kwa anayeanza, ni shule nzuri ya kuona jinsi kijiji kinavyoweza kujieleza.

Kuhusu chakula, mama lishe wa Tarime watakupa ugali na samaki au nyama, na ukikaribishwa kichuri, onja kabla hujauliza kimepikwa na nini. Upande wa Robanda geuza safari saa 9 alasiri. Magari ya kurudi Mugumu hupungua jioni, bodaboda hazipendi njia ile gizani, na kuanzia saa 11 tembo nao huanza kusogelea mashamba.